Paa Lisilo na Msumari

Samurai tulikuwa nao wa kutosha, nyumba hatukuwa nayo. Kundi letu la michezo ya mezani hapa Dar es Salaam lilishakamilisha kila kitu cha kuchezea mapigano ya Japani ya kale: vinyago vya milimita 28, dadu, rula ya kupimia hatua, na kanuni za Test of Honour, mchezo uliotoka Uingereza mwaka 2017. Rangi zilishapakwa hadi kwenye kifundo cha nywele utosini. Lakini kijiji chenyewe, kile ambacho majambazi wanakivamia na mashujaa wanakilinda, kilikuwa maboksi ya dawa ya meno yaliyopinduliwa. Nyumba za kununua zipo, zimekatwa kwa mashine na kufungwa bapa kwenye bahasha, ila nyingi nilizowahi kuziona zina nguzo nyekundu na paa la vigae lililojipinda pembeni. Hayo ni mambo ya hekalu. Mkulima wa karne ya 17 hakulala hekaluni.

Safari yenyewe ilikuwa ya kifamilia. Dada yangu, mtoto wa mama mkubwa, anaishi Kawasaki, mji uliobanwa kati ya Tokyo na Yokohama, na alikuwa amechoka kunialika. Nikaenda mwezi wa Novemba, begini nikiwa na daftari la mirabaraba na tepu ya fundi ya mita tano. Nilimweleza mpango wangu tukiwa njiani kutoka uwanja wa ndege. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Kaka, umevuka bahari yote hiyo kuja kumpimia nyumba mtu wa sentimita tatu?"

Hata hivyo Jumamosi iliyofuata alinipeleka Nihon Minka-en. Kutoka kwake ni vituo vichache tu vya treni hadi Mukogaoka-yuen, halafu unatembea kuelekea vilima vyenye miti. Nihon Minka-en ni makumbusho ya wazi yaliyofunguliwa mwaka 1967, wakati Japani ilipokuwa ikijenga viwanda na barabara kwa pupa huku nyumba za nyasi zikibomolewa kila mkoa. Leo ziko pale nyumba na majengo ishirini na kitu. Ipo nyumba ya Iwate iliyopinda kama kiwiko, ambamo farasi walilala chini ya paa moja na wenye nyumba. Lipo ghala lililosimama juu ya nguzo, kutoka kisiwa cha Okinoerabu huko kusini. Lipo hata jukwaa la maigizo ya kabuki lililotoka kijiji cha wavuvi mkoani Mie. Zilikotoka, nyumba hizi zilifunguliwa mti mmoja mmoja, kila mti ukatiwa alama, ukapakiwa kwenye lori, ukasimamishwa upya kilimani hapo. Palipooza, fundi alikata sehemu iliyooza tu na kuunga mti mpya. Ukitazama kwa makini utaiona mishono hiyo chini ya nguzo, mti mweupe umeumana na mti mweusi.

Nyumba iliyonishika ni ya ukoo wa Kitamura, kutoka Hadano. Ilijengwa mwaka 1687, na hilo linajulikana kwa sababu fundi aliandika tarehe kwa wino kwenye mti wake. Kwa mbali unaona paa tu. Nyasi zimeshuka chini kiasi kwamba ukuta unabaki kama mstari wa kivuli, na mtu mrefu anainama kabla hajafika mlangoni. Ndani, upande mmoja ni sakafu ya udongo ulioshindiliwa, penye meko. Upande wa pili sakafu imeinuliwa hadi magotini, na sehemu ya sebule yake imetandikwa mianzi badala ya mbao. Upepo wa chini unapenya katikati ya mianzi na kukupanda miguuni. Mwezi Novemba si jambo la kufurahisha, lakini Julai na unyevu wa kule ningemshukuru aliyebuni.

Siku ile wazee wa kujitolea walikuwa wamewasha moto katika nyumba mojawapo ya jirani. Hakuna bomba la moshi. Moshi unapanda wenyewe, unatanda chini ya paa, unajipenyeza kwenye nyasi na kutoka nje taratibu, na njiani unafukuza wadudu na kukausha unyevu. Nyumba ya nyasi isiyokokwa moto huoza mapema, ndiyo maana wanaukoka kwa zamu hata kama hakuna anayeishi humo. Nilitazama juu hadi macho yakaniwasha. Kila kitu kilikuwa cheusi: boriti, mianzi, kamba, vyote vimeng'aa kwa masizi. Rangi yangu ya ndani ilipatikana hapo. Ya nje nilikuwa nimeshaiona: mbao zisizopakwa kitu, zilizogeuka kijivu kwa jua na mvua. Nguzo nyekundu sikuziona kwenye nyumba yoyote ya mkulima.

Mzee mmoja mwenye koti la pamba la bluu aliniona nimechuchumaa nakikodolea macho kizingiti. Akaja, wala hakuuliza kitu. Alishika mlango wa shoji, ule wa fremu ya fito na karatasi, kwa mikono miwili, akausukuma juu. Ukingo wa juu ukazama ndani ya mfereji wa kizingiti cha juu. Ukingo wa chini ukanyanyuka na kutoka kwenye mfereji wake. Akauvuta upande wake, akaushusha, na mlango ukawa mikononi mwake. Siri ni vina viwili tofauti. Mfereji wa juu umechimbwa sana, wa chini ni milimita mbili tatu tu, basi mlango unasimama kwa uzito wake na unatoka kwa kuinuliwa. Akaurudisha kwa mwendo uleule kinyumenyume, kisha akanionyesha ishara kwamba sasa ni zamu yangu. Ni mwepesi kuliko unavyodhani. Dada akatafsiri maneno yake: kiangazi waliiondoa hii wakaweka milango ya matete; ukitokea msiba au harusi waliiondoa yote, vyumba vikawa ukumbi mmoja.

"Mwambie mzee asante sana," nikasema. "Mwambie amenitatulia jambo."

Jambo lenyewe ni hili. Mtu anayejenga nyumba kwa ajili ya mchezo ana tatizo ambalo mjenzi wa vijumba vya maonyesho hana. Mkono lazima uingie ndani. Vinyago vitapigana sebuleni, vitajificha jikoni, na wewe uliye juu yao lazima uvione na uvisogeze bila kuangusha nusu ya kijiji. Kwa hiyo wajenzi hutia bawaba, sumaku, kuta za kuchomoka, na kila hila kati ya hizo inaacha mshono ambao nyumba halisi haina. Nyumba ya Kijapani haihitaji hila. Mlango unainuliwa na kutoka, mkeka unang'oka sakafuni, na nyumba nzima, kama zile za Kawasaki, inafunguliwa na kwenda kuishi mkoa mwingine. Kuifanya ifunguke mezani ni kuijenga jinsi ilivyo.

Tukapima hadi wakatutangazia muda wa kufunga. Dada alishika ncha ya tepu kwa uvumilivu wa ndugu.

"Watu wanakuja Japani kupiga picha za Mlima Fuji," alisema. "Wewe unapiga picha za misumari."

"Hata misumari hakuna."

"Basi ndiyo afadhali ya Fuji."

Vipimo havikuwa vya kubahatisha, na hilo linamrahisishia mtu kazi. Kipimo cha fundi ni ken, karibu mita 1.82, iliyogawanywa katika shaku 6 za sentimita 30.3. Nafasi kati ya nguzo na nguzo hufuata ken au nusu yake. Tatami, yaani mkeka wa sakafuni, nayo ina urefu wa takriban ken moja na upana wa nusu ken, ingawa mkeka wa Kyoto unafika mita 1.91 na wa Tokyo ni kama 1.76, kwa hiyo chumba cha mikeka sita si kimoja kila mahali. Dada amepanga chumba cha mikeka sita bila kukiona kwanza. Alijua kitanda chake kitaenea wapi. Aliyekulia pwani yetu hawezi kushangaa sana. Vyumba vya nyumba za mawe za Lamu ni virefu na vyembamba kwa sababu boriti ya mkoko haivuki zaidi ya mita tatu hivi, na nyumba nzima ikautii mti.

Usiku ule nikakaa na daftari. Vinyago vya milimita 28 huhesabiwa kwa kawaida kwa skeli ya moja kwa 56, na hapo ken inakuwa milimita 32 na nusu. Mkeka unakuwa na upana wa milimita 16. Sasa kinyago kimegandishwa kwenye kitako cha duara cha milimita 25, ili kisianguke. Maana yake samurai wangu ni mnene kuliko mkeka anaotakiwa kulalia. Mlango wa kale nao, wenye urefu wa kama shaku 5.7, unakuwa milimita 31, wakati shujaa mwenye kofia ya chuma, ukijumlisha na kitako, anavuka 35. Angegonga paji la uso kila anapoingia, ingawa ukisikiliza wageni warefu waliokwisha kulala katika nyumba hizi utaambiwa huo ndio ukweli mtupu.

Lazima uongo uingie mahali fulani. Wajenzi wengi hurefusha mlango peke yake, na hapo nyumba inakuwa na mdomo wazi. Jicho linagundua hata kama halijui limegundua nini. Mimi niliamua kuikuza ken yenyewe. Ken moja, milimita 36. Kila kitu kikapanda pamoja: mkeka 36 kwa 18, nafasi za nguzo, kina cha baraza, upana wa milango. Urefu wa mlango tu ndio niliouongezea kidogo, hadi 38. Nyumba ikawa ken 5 kwa 3, yaani milimita 180 kwa 108: ken 2 za sakafu ya udongo, kisha sebule ya mbao, kisha nyuma yake vyumba viwili vya mikeka minne na nusu kila kimoja. Mpangilio huo wa sebule moja kubwa na vyumba viwili ni wa kawaida kwa nyumba za wakulima wa kale. Chumba cha mikeka minne na nusu kinapokea vinyago vinne vilivyobanana. Kwa mapigano ya kisu, wanne ni wengi.

Paa lilinipeleka mbali zaidi. Nilipanda treni ya kasi hadi Nagoya, nikabadilisha kuelekea milima ya Hida, na kule Takayama nikachukua basi la chini ya saa moja, linalopita kwenye mahandaki mengi, hadi Shirakawa-go. Hida ni nchi ya maseremala tangu zamani; sheria za karne ya 8 ziliitaka mikoa mingine kodi ya nguo na kazi, lakini Hida ililipa kwa kupeleka mafundi mbao mji mkuu. Kijiji cha Ogimachi huko Shirakawa-go, pamoja na viwili vya Gokayama, viliingizwa kwenye urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 1995, na tangu hapo mabasi hayakatiki. Mtaa mkuu umejaa watu wenye aiskrimu. Mita mia moja pembeni ni mashamba ya mpunga yaliyovunwa, na nyumba zilizosimama zikiwa zimegeukia upande mmoja kufuata bonde na upepo wake.

Mapaa yale yana mteremko wa kama nyuzi 60, kwa ajili ya theluji. Niliingia nyumba ya Wada, kubwa kuliko zote kijijini, ambayo ukoo bado unaishi sehemu yake. Utajiri wao ulitokana kwa sehemu na kitu kilichotengenezwa chini ya sakafu: watu wa mabonde haya walilaza udongo, majani na mavi ya minyoo ya hariri mashimoni karibu na moto, miaka ikapita, wakapata chumvi ya shura ya kutengenezea baruti. Minyoo yenyewe ililelewa darini, kwenye joto la moshi. Nilitamani hapo hapo kuandika mchezo wa majambazi wanaovamia nyumba wakitafuta mchele na kukuta wamekaa juu ya baruti.

Darini ndiko nilikopatia nilichokifuata. Hakuna dari ya kuziba, unaona mifupa yote. Jozi za miti minene zimeegemeana kuelekea mwamba, na zimefungwa kwa kamba za majani ya mpunga na kwa matawi mabichi ya mti mdogo wa milimani. Matawi hayo hupondwa na kusokotwa yangali na maji; yakikauka yanakaza kuliko kamba. Nilishika fundo moja. Lilikuwa gumu kama chuma na jeusi, na unaona jinsi mfungaji alivyozungusha mara mbili kisha akachomeka ncha chini ya mzunguko wake. Msumari hakuna. Kisha nikafuata mti mmoja hadi chini, kwenye boriti inayopita ukingoni. Mguu wake umechongwa ncha, kama penseli butu, na ncha imekaa ndani ya kishimo kwenye boriti. Imekaa tu. Upepo ukisukuma paa, miguu inacheza kidogo vishimoni, nyumba ya chini haipasuki.

Mgawanyo huo unafuata hata mikono ya watu. Sehemu ya chini, ya nguzo na sakafu, ilijengwa na mafundi wa kulipwa kwa viungo vya ulimi na tundu. Paa lilikuwa kazi ya wanakijiji wenyewe, kwa msaragambo. Siku ya kuezeka upya, ambayo huja baada ya miaka 30 au 40, hujitokeza watu zaidi ya mia, safu kwa safu juu ya nyasi. Majengo mawili, basi, moja limekalishwa juu ya lingine. Nilisimama pale darini nikitabasamu peke yangu hadi mama mmoja mtalii akanipisha ngazini. Kila mwenye kijumba cha mchezo ananyanyua paa na kuliweka pembeni ya meza, na wengi wanalionea haya, wanalifichia mshono kwa nyasi. Paa la Shirakawa lina mshono huohuo, na limeundwa liwe nao.

Sikutaka kujenga nyumba ya aina ile, hata hivyo. Ni ndefu mno kwa meza. Ukiiweka katikati inaziba macho ya wachezaji wote, na ni ya mabonde machache ya theluji kubwa, haiwezi kukaa kando ya shamba la mpunga la tambarare bila kuonekana mgeni. Paa la Kitamura, lenye miteremko pande nne, ndilo la kijiji changu. Kutoka Shirakawa nilichukua ile miguu yenye ncha.

Mjini Kobe sikukaa. Nilishuka kituo cha Shin-Kobe kwa sababu dakika chache kutoka hapo kuna makumbusho ya zana za useremala ya Takenaka, yaliyoanzishwa mwaka 1984 na kuhamia jengo la sasa mwaka 2014. Ukuta mmoja una zana 179, hesabu ya vifaa ambavyo seremala kamili alihitaji, kwa mujibu wa uchunguzi wa mwaka 1943. Patasi peke yake ni umati. Misumeno yao hukata ikivutwa, siyo ikisukumwa, kwa hiyo bamba linaweza kuwa jembamba sana bila kujikunja. Kuna viungo vya mbao ambavyo mgeni anaruhusiwa kuvifungua. Kimoja kilinishinda, mtoto wa miaka kama saba akanisaidia. Jambo moja nililichukua: fundi mkuu alichora ramani ya nyumba kwenye ubao, mistari ikikatana, upande mmoja akiandika silabi kwa mpangilio wa i, ro, ha, upande wa pili namba. Kila nguzo ikapewa silabi na namba yake kwa wino, na kwa hiyo kila mti ulijua pa kusimama hata kabla haujafika kiwanjani.

Tokyo, kwenye duka la ghorofa la Akihabara, nilinunua vijiti vya hinoki, saipresi ya Kijapani, vya milimita 2 na 3, vilivyonyooka kiasi cha kutia wivu. Balsa ni rahisi zaidi kukata lakini ni laini, inabonyea kwa ukucha, na nyuzi zake ni pana mno kwa skeli hii. Hinoki ina nyuzi za kubana na harufu inayokaa chumbani hadi kesho yake. Nyasi za paa nilizipata duka la vyombo vya jikoni: tawashi, ile brashi ya kusugulia sufuria iliyobuniwa Tokyo mwaka 1907 na kuitwa kobe, yule mnyama, kwa umbo lake. Imetengenezwa kwa usumba wa nazi. Nilicheka kaunta. Nimezaliwa Tanga, nimepita kwenye malundo ya makumbi maisha yangu yote, nikaenda kununua usumba Japani kwa yeni.

Ujenzi ulifanyika kwenye meza ya kulia ya dada, baada ya chakula, juu ya magazeti. Nguzo nilizikata za milimita 3 na kuandika kitako cha kila moja silabi na namba, kwa penseli, mtindo wa Kobe. Ilikuwa mbwembwe siku ya kwanza na msaada mkubwa siku ya tatu zilipomwagika zote sakafuni. Zilisimama juu ya mawe madogo ya akwariamu, kwa kuwa nguzo za nyumba nyingi za zama hizo hukaa juu ya jiwe, siyo ndani ya shimo. Kabla ya gundi nilizipaka chai kali, kisha siki iliyolowekwa sufi ya chuma kwa siku kadhaa. Chuma kikikutana na ukali wa chai, mti unageuka kijivu, na ukirudia unakuwa mweusi. Nje nikapaka mara moja, ndani mara tatu. Kopo la siki lilihamishiwa barazani kwa amri ya mwenye nyumba.

Kuta nilizikandika. Kiini ni kadibodi, juu yake plasta ya kuzibia nyufa iliyochanganywa na rangi ya udongo na nyuzi fupi za usumba. Pembe moja, nyuma ya jiko, niliacha plasta imebanduka na ndani nikaonyesha wavu wa fito, ambazo ni njiti za ufagio zilizofungwa kwa uzi. Inaonekana na mtu mmoja kati ya kumi. Nimeridhika na huyo mmoja.

Karatasi ya milango ilinipa somo la skeli. Nilinunua washi halisi, karatasi ya Kijapani ya mkono, nzuri kweli. Lakini nyuzi ndefu zinazoipa uzuri, kwenye mlango wa milimita 38, zinaonekana mithili ya kamba zilizonasa dirishani. Karatasi ya kudurufia michoro ilifaa zaidi. Washi nikamwachia dada, akafungia zawadi. Fito za shoji nilizikata za nusu milimita kutoka kadi nyeusi, nikazibandika upande mmoja tu, na vizingiti nikavijenga kwa vipande vitatu vitatu ili mfereji wa juu uwe wa milimita 3 na wa chini milimita 1. Jioni mlango wa kwanza ulipopanda, ukatoka na kurudi, nilimwita dada kutoka bafuni.

"Fanya tena," alisema, taulo kichwani. Nikafanya. Akafanya mwenyewe. Tulikaa pale tukitoa na kurudisha mlango mmoja hadi chai ikapoa.

Tatami ni kadi iliyofunikwa kitambaa chembamba cha pamba, kilichopakwa rangi ya majani makavu. Niliipanga isije ikakutana pembe nne mahali pamoja, maana pembe nne kukutana ni mpangilio wa mkosi. Ziko katika chumba kimoja tu. Sebule ni mbao tupu, kwani wakulima wengi walikaa juu ya mbao au mikeka ya majani ya mpunga, na anayetandika tatami nyumba nzima ya mkulima maskini amempandisha cheo bila kumuuliza.

Paa lilichukua muda kuliko vyote. Ganda ni bodi ya povu. Juu yake nilibandika usumba kwa vifungu, kuanzia ukingoni kwenda juu, kila safu ikilalia iliyotangulia, jinsi mwezekaji anavyofanya. Gundi ya mbao iliyozimuliwa, kisha kitana. Ilipokauka nikaukata ukingo kwa mkasi, kwa mshazari, unene wa milimita 10, kwa sababu nyasi za kule ukingoni zinaweza kupita nusu mita na paa jembamba ndilo linaloumbua vijumba vingi. Kawasaki niliona nyumba ambayo mwamba wake umefunikwa udongo na kuoteshwa mimea, ili mizizi iushike. Nikaweka pamba ya kijani kidogo pale juu. Ndani ya ganda nikagandisha miguu minane ya hinoki iliyochongwa ncha, na kwenye boriti za ukingo nikatoboa vishimo vinane. Paa linaketi. Ukigonga meza linatikisika kidogo na kutulia.

Kijumba kilirudi Dar kwenye boksi la vitafunwa, nyumba chini na paa juu yake limetengwa kwa taulo, magotini mwangu safari nzima. Visu na msumeno vilisafiri kwenye mizigo.

Jumapili ya kwanza ilikuwa ya ubishi. Kanuni za mchezo zinazungumzia milango ya kufungua na kuta za kuzuia mishale. Hazisemi lolote kuhusu mtu anayenyanyua mlango mzima na kuuweka kando. Mmoja wetu, wakili, alidai kwamba kama ukuta unaondoka basi si ukuta. Tukakubaliana kuwa kutoa mlango kunagharimu tendo moja, kwamba karatasi inazuia macho lakini haizuii mshale, na kwamba aliyesimama sakafu ya udongo anapambana kwa hasara na aliye juu kwenye mbao. Kuvunja mlango kwa mguu kunaruhusiwa kwa majambazi tu. Zamu ya pili nilitoa milango yote minne ya mbele, vyumba vikawa ukumbi, na wapiga mishale wangu wakapata mstari ulionyooka kutoka jikoni hadi shambani. Wakili akaomba kikao kingine cha kanuni.

Sasa wanataka nyumba ya pili, ya mfanyabiashara, yenye paa la mbao nyembamba zilizokandamizwa kwa mawe. Ile ya Ina, mkoani Nagano, iko Kawasaki pia, na nina vipimo vyake kwenye daftari. Mawe ya akwariamu yamebaki nusu mfuko.